Muonjaji Aliyechanganya Nyota

Alizaliwa wapi na ni mtoto wa nani, hayo yatasemwa na wenye kuyajua siku ya mazishi yake. Mimi nina swali moja tu juu yake, na nimelibeba miaka mitatu: siku niliyoweka sahihi kwenye ile fomu, yeye akiwa ameketi kando yangu, alijua au hakujua? Ukinisikia nikimsifu hapa mbele usidhani nimesahau. Namsifu kwa sababu mtu asiye na sifa yoyote hawezi kukuumiza hivi.

Watu wa upande wetu wa Kabianga walimwita Muonjaji. Karibu maisha yake yote ya kazi aliyamaliza katika chumba cha kuonjea cha kiwanda cha chai, mbele ya meza ndefu, vikombe vyeupe na ndoo ya kutemea. Muonjaji huvuta chai mdomoni kwa kishindo, huizungusha, huitema, kisha husema ukweli wake hata kama mwenye kiwanda amesimama hapo. Yeye alistaafu, ila mdomo wake haukustaafu. Ukimkaribisha chai nyumbani, ataivuta mpaka watoto wakimbilie nje kucheka, halafu ataanza kutafuta pa kutema. Nyumbani kwa mchungaji alitemea kwenye mkebe wa maua, wazee wa kanisa wakimtazama, akasema, "Mama, hii mumechemsha mpaka ikakufa. Heri mngenipatia maji." Mke wa mchungaji alinuna wiki mbili. Sisi wengine tulimpenda kwa hilo hilo. Tulisema mtu aliyeshindwa kusifu chai ya mchungaji hawezi kukudanganya juu ya kitu kingine chochote. Mimi pia nilisema hivyo, tena kwa sauti.

Mimi ni binti wa mchuma chai aliyetoka Kisii. Nilikulia kwenye nyumba za kampuni, na nina studio ndogo ya picha za pasipoti sokoni. Nilikuwa na miaka ishirini na sita Muonjaji alipoingia na kifaa cha kuhifadhia faili, akaniomba nimchapishie picha moja. Ilikuwa na doa jekundu katikati ya giza. Nilidhani ni picha ya jeraha. Niliichapisha, akaitazama, akairudisha.

"Hii si rangi yake," akasema.

Nikapunguza wekundu, nikachapisha tena. Akairudisha. Mara ya tatu niligusa kijani kidogo tu, na wekundu ukatulia wenyewe. Akainua macho.

"Wewe chepto una jicho," akasema. Chepto ni msichana kwa Kikipsigis, na tangu siku hiyo sikuwahi kuwa na jina jingine kinywani mwake. Ndivyo nilivyojua kwamba lile doa ni nebula, wingu la gesi lililo mbali kuliko akili yangu ilivyoweza kufika, na kwamba mzee huyu alikuwa na darubini nyuma ya nyumba yake.

Darubini ilikaa kwenye kibanda cha mabati alichokijenga mwenyewe. Paa lilikwenda upande mmoja juu ya magurudumu ya mkokoteni wa zamani. Usiku alilisukuma paa, akaelekeza darubini kusini, upande wa Bomet, na kamera ikapiga picha mamia. Hayo yote niliyasikia tu, sikuyaona. Mama yangu alinikataza kabisa kuwa huko jua likishazama. "Watu watasema nini?" aliuliza. "Msichana wa Kisii kwa boma la mzee wa wenyeji, usiku?" Kwa hiyo nilikwenda alasiri, wakati mvua ya Kericho inapoanza kugonga mabati, mke wake akipita na kurudi na sufuria zake, nami nikayakuta mafaili yamekwisha kuwekwa kwenye kompyuta. Usiku ulikuwa wake peke yake. Laiti ningejua maana ya jambo hilo dogo.

Hatukufungua kompyuta kabla ya kuangalia vikombe. Hiyo ilikuwa sheria. Alipanga vikombe vitatu vyeupe vya chai kavu karibu na dirisha lisilopigwa na jua, kimoja cha majani mazuri, kimoja cha majani yaliyoungua, kimoja cha majani yaliyochelewa. Nilitakiwa kuvitazama mpaka niseme kipi ni kipi bila kuonja. "Jicho likiamka lazima lipewe kazi," alisema. "Ukilipeleka kwa skrini likiwa na usingizi, litakubali kila kitu." Nilidhani ni vituko vya uzee. Baada ya miezi kadhaa nilianza kuona tofauti ya nyekundu mbili ambazo zamani ningeapa ni moja. Sura za watu studioni ziliacha kutoka za kijivu, na wateja wakaanza kutoka mpaka Fort Ternan kuja kupigwa picha kwangu.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa ufupi, kwa sababu bila kuielewa huwezi kuuelewa uchungu wangu. Picha moja ya nebula ikitoka kwenye kamera ni nyeusi tupu. Unapanga mamia yake moja juu ya nyingine kwa programu maalumu, chenga zinapungua, kisha unaunyoosha mwanga polepole, na kitu kinaanza kutokea. Halafu kuna matabaka mawili. Tabaka la mwanga ni jeusi na jeupe, nalo ndilo linalobeba umbo lote, kila ukingo na kila uzi wa gesi. Tabaka la rangi linawekwa juu yake. Rangi ikiwa hafifu si neno, lakini tabaka la mwanga likiwa bovu picha yote inalala. Yeye aliliita tabaka la mwanga "mwili," kama waonjaji wanavyosema chai ina mwili. "Tafuta mwili kwanza," aliniambia kila siku. "Rangi itakuja yenyewe."

Alikuwa mkali mpaka nikamchukia. Nikizidisha rangi aliguna na kusema, "Hiyo ni ya keki ya harusi, rudisha." Msemo wake mkubwa ulikuwa kwamba rangi haiongezwi, inaachiliwa. Siku moja kulikuwa na nyota moja yenye mkia mbaya uliotokana na darubini kutikisika. Nilichukua kile kifaa ninachotumia kufutia chunusi za wateja, nikaifuta. Alitoka nje, akasimama chini ya upenu mvua ikinyesha, karibu nusu saa. Aliporudi alikuwa ametulia.

"Umefuta nyota," akasema. "Ilikukosea nini?"

"Mzee, ilikuwa mbaya tu."

"Ilikuwa hapo. Kitu ikiwa hapo unaacha. Kama haiko, usilete."

Aliifuta kazi yangu ya wiki mbili, nikaanza upya. Nililia njiani nikirudi nyumbani, na kesho yake nikarudi. Namkumbuka hivyo hata leo, amesimama chini ya upenu akiililia nyota moja.

Kumbe mtu huyo huyo alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kusema ameshindwa. Alisema muonjaji akitamka "sijui" mara moja mbele ya wanunuzi, amekwisha. Wewe unaijua mvua ya huku. Kuna miezi ambayo anga haifunguki hata siku tano. Majirani walimtania kwamba amenunua darubini ya kutazama mawingu, naye alicheka nao, lakini mdomo wake ukikaza pembeni. Alipenda sana kubeba picha zetu kuwaonyesha watu. Alizipeleka mpaka siku ya soko la mifugo Siongiroi, na mchuuzi mmoja wa ng'ombe alipomuuliza kama huko juu kuna nyasi, alimjibu kwa saa nzima. Hakuwahi kuwaambia watu hao kwamba wiki hii hakupata kitu. Hata mimi hakuniambia. Kila Jumatatu kulikuwa na faili jipya, mvua isinyeshe au inyeshe. Nilimsifu kwa bidii. Nilivaa miwani ya mbao, nikaipenda.

Faili lililoniponza lilikuwa la nebula ya Karina, ile inayoonekana chini upande wa kusini. Rangi zake tulikuwa nazo tangu Februari, nyota zake nene na zenye ukungu, jinsi hewa ya huku yenye unyevu inavyozifanya. Kisha Aprili akaniletea tabaka la mwanga. Nilipolifungua nilishika kichwa. Nyota zilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Kingo za gesi zilikatika vizuri hivi kwamba niliogopa kuzigusa.

"Mzee, hii imetoka kwa ile darubini yetu?"

"Hewa ilitulia," akasema, bila kuniangalia, akipanga vikombe. "Usiku tatu. Nimeandika kwa kitabu."

Nilifanya kazi miezi miwili juu ya picha hiyo. Sijawahi kufanya kitu kizuri kama kile, na nasema hivyo bila aibu.

Wakati huo kituo kimoja cha mafunzo ya picha za anga kilitangaza nafasi. Kwa binti wa nyumba za kampuni, aliyeacha chuo kwa kukosa karo, hiyo ilikuwa njia ya kutoka kwenye picha za pasipoti na kuingia kwenye kazi niliyoitaka kuliko chochote. Fomu ilikuwa na kifungu kimoja kifupi: nathibitisha kwamba data zote za picha hii zimepigwa na mimi au na wenzangu, kutoka mahali nilipopataja. Tuliijaza nyumbani kwake. Alisogeza vikombe ili karatasi isilowe. Nilisoma kifungu hicho kwa sauti, na nakumbuka kwamba nilikisoma mara mbili kwa sababu kilinifurahisha: kutoka mahali nilipopataja, yaani kwetu.

"Weka sahihi, chepto," akasema. "Mkono usitetemeke."

Nikaweka.

Waombaji walitakiwa pia kuonyesha kazi yao kwa watu wa kwao, mbele ya mtaalamu kutoka kituo. Tulipewa ukumbi wa kanisa. Watu walikuja wengi kwa sababu ya Muonjaji, wengine wakiwa wametoka kupima chai, vikapu vikiwa mlangoni. Niliitundika Karina katikati, na chini yake kibandiko chenye siku zote tatu, nilizozinakili kutoka kwenye kitabu chake: Jumatatu, Jumanne na Alhamisi, wiki ya pili ya Aprili. Mtaalamu aliitazama muda mrefu, akatikisa kichwa kwa mshangao. Nilimwona Muonjaji kwenye kiti cha mbele, kofia magotini, uso umejaa fahari, nami nikajiona nimefika.

Ndipo mama mmoja mkulima, mwenye shamba dogo la chai ng'ambo ya kijito, akanyoosha kidole kwenye kibandiko.

"Samahani madam. Hii Tuesday mmeandika hapa ni ile ya mvua ya mawe ama ni ingine?"

"Ni ya wiki ya pili, mama."

"Basi haiwezekani. Hiyo siku mawe ilianza saa kumi ikamaliza chai yangu yote, ikabaki vijiti. Usiku ikarudi tena. Nilisimama kwa mlango nikilia. Nyota gani? Hata huo mlima hapo mbele haukuonekana."

"Ni kweli," mwingine akasema nyuma. "Hata kwetu ilivunja mabati."

Mtu wa nchi ya chai anaweza kusahau siku aliyozaliwa mtoto wake, lakini siku ya mvua ya mawe haisahau. Mwezi mzima hana cha kuchuma. Mtu mwingine yeyote angeandika siku za uongo na zingepita. Huku kwetu ukumbi mzima ulianza kuhesabu kwa vidole, na kila aliyehesabu alifika palepale. Mimi mwenyewe nilikumbuka: jioni ile mama yangu alirudi amejifunika kikapu kichwani, mabega yamevimba. Niliandika kibandiko kile kwa mkono wangu na sikukumbuka, kwa sababu tarehe zilitoka kwake.

Mtaalamu aliomba kuona faili la asili. Nililifungua kwenye kompyuta yangu. Kila faili la namna hiyo huwa na maelezo ndani yake ambayo kamera yenyewe huyaandika: siku, saa, darubini. Hili halikuwa na kitu. Sehemu yote ilikuwa tupu.

"Nani ametoa hizi details?" mtaalamu akauliza, kwa upole ulioniumiza zaidi.

Nikamgeukia Muonjaji. Nilingoja. Ukumbi mzima ulingoja, maana huyu ndiye mtu aliyeshindwa kusifu chai ya mchungaji. Aliigeuza kofia yake magotini, mara moja, mara mbili.

"Mambo ya kompyuta ni yeye hufanya," akasema. "Mimi ni mzee wa darubini tu."

Sikujitetea. Nafasi ilikwenda, bila shaka, na barua yao ilikuwa fupi. Sokoni nikawa msichana wa nyota za uongo. Wateja walikaa kwenye kiti changu wakicheka, "Usinichanganye na mtu mwingine, tafadhali." Nilicheka nao. Mama yangu peke yake hakucheka. Aliniuliza mara moja tu kama nilifanya, nikasema hapana, akasema, "Basi," na hakuliuliza tena.

Baadaye nililitafuta lile tabaka kwenye mtandao, nikalipata. Lilipigwa na darubini kubwa katika jangwa la nchi ya mbali, ambako mvua ni habari ya kusimuliwa, na mwenyewe alikuwa ameliweka wazi kwa yeyote anayejifunza. Niliiweka picha yetu juu yake. Kila nyota ilikaa mahali pake.

Hata hivyo nilimtetea. Sisemi mbele za watu, nilimtetea moyoni. Woga wa ukumbini niliweza kuuelewa, kwani mtu yeyote anaweza kusema ujinga akitazamwa na watu mia. Na hayo mengine? Ni mzee, nilisema. Pengine alilichukua faili la kujifunzia akalihifadhi pabaya, akalisahau. Maelezo yale hupotea yenyewe ukihifadhi faili kwa namna nyingine, mimi mwenyewe yamenipotea. Tarehe za kitabuni pengine zilikuwa za kitu kingine. Nilimjengea udhuru kama mtu anayejenga nyumba, ukuta kwa ukuta. Miaka mitatu sikupita njia ya kwake, wala yeye hakupita ya kwangu, lakini ndani ya nyumba hiyo alikuwa bado mzee wangu mwema aliyekosea.

Mwezi uliopita aliingia studioni mchana, amekonda, koti limekuwa kubwa. Kitambulisho chake kilipotea, akahitaji picha.

"Chamgei, chepto."

"Chamgei, Mzee. Keti."

Akaketi. Nilirekebisha taa. Nilimwambia ainue kidevu, akainua. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini yalikwenda moja kwa moja kwenye skrini yangu, akaiangalia rangi, na nikaona ameridhika nayo, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nilikasirika sana kwa kufurahi huko. Nikaweka kamera chini.

"Mzee, siku ile niliweka sahihi kwa fomu. Ulijua?"

"Piga picha kwanza."

Nikapiga. Nikarudia swali.

Alipangusa midomo. "Chepto, hakuna chai unakunywa haijachanganywa. Hii ya Kericho inapatia mwili, ile ya Bomet inapatia rangi, ingine inatoka mbali huko. Nimechanganya miaka yote na hakuna mtu alilia. Rangi ya ile picha ilikuwa yetu. Ilitoka hapa."

"Paketi ya chai haiweki sahihi, Mzee. Nimeuliza ulijua?"

Mashine ilikuwa inachapisha.

"Nilijua," akasema.

"Na ile ya ndani ya faili?"

"Ni mimi nilitoa."

"Mbona hukuniambia? Mimi ndiye ningeumia, si wewe. Mbona hukuniambia hata neno moja?"

Akaniangalia kwa upole, kwa mapenzi hata, jinsi alivyoniangalia siku ile ya kwanza nilipogusa kijani.

"Ungekataa," akasema. "Wewe ni mtu wa kukataa. Nilikuwa nataka picha moja tu isimame, watu waseme imetoka huku."

Hakulisema kwa ubaya. Nadhani alikuwa ananisifu. Nilichukua makasi, nikazikata picha zake nne, moja moja, kingo zikiwa sawa, nikazitia kwenye bahasha. Akanyoosha mkono wa kuaga. Nilimpa bahasha. Alisimama kidogo na mkono huo hewani, kisha akaenda zake.

Nilifunga studio saa nane mchana, wateja wawili wakiwa nje, nikakaa kwenye kile kiti nikalia. Miaka mitatu nilikuwa nikitafuta kosa la uzee, la woga, la kompyuta. Kumbe siku ile aliketi kando yangu akinisikiliza nikisoma kile kifungu mara mbili, akijua vizuri kwamba ningekataa, na kwa sababu alijua, akaniambia mkono usitetemeke.